Usiku mama aliposikia sauti sebuleni

Mama alikuwa amefikisha miezi miwili na siku kadhaa za eda, usiku aliposikia sauti ya mwanamume sebuleni kwetu.

Ilikuwa saa nne na ushei. Nilimsikia kwanza akikohoa, kile kikohozi cha kukujulisha kwamba yuko macho. Halafu akaita kutoka chumbani, kwa sauti ya chini: "Baba, umemwingiza nani humu ndani usiku huu?"

Sikuwa nimemwingiza mtu. Hedifoni zangu zilikatika waya wiki ile, nikawa natumia spika za laptopu, sauti nimeipunguza nikidhani haitavuka pazia. Nilikuwa nimefungua gemu niliyoinunua siku nyingi wakati wa punguzo, kisha nikaisahau. Nikaingia kwenye mipangilio, nikapitia lugha za sauti, nikakuta Kiswahili. Nikachagua. Kijana mmoja akaanza kuzungumza, tena habari zenyewe zikawa za baba yake aliyefariki.

"Ni gemu, mama."

Akanyamaza kidogo.

"Gemu inazungumza Kiswahili?"

Nimecheza gemu zaidi ya miaka 20. Sikuwahi kuulizwa swali hilo, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nilizima laptopu, nikalala. Lakini swali halikulala. Limenikaa kichwani wiki tisa sasa, ndiyo maana naandika.

Majini wa Kijuju

Jibu la kweli ambalo ningempa mama ni kwamba hii si mara ya kwanza kusikia Kiswahili ndani ya gemu. Mara ya kwanza nilikuwa sekondari, kwenye kibanda cha gemu pale Ngamiani, Tanga.

Waliokulia kwenye vibanda hivyo hawahitaji kuelezwa. Televisheni iliyopasuka pembeni. Benchi la mbao. Pedi ambayo mpira wa kijiti chake umelika, mwenye kibanda akauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Simu yake juu ya meza inahesabu dakika, na dakika zikiisha unanyanyuka hata kama umebakiza hatua moja.

Alipoleta PlayStation 3, moja ya gemu za mwanzo kufika nayo ilikuwa Resident Evil 5 ya Capcom, iliyotoka mwaka 2009. Mzungu aitwaye Chris Redfield na mwenzake Sheva Alomar wanaingia mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju. Wanakijiji wameambukizwa kitu kinachowageuza kuwa wauaji, na jina lao ndani ya gemu ni Majini. Ndiyo, majini hayahaya ya kwetu. Kijuju chenyewe kimewekwa Afrika Magharibi, ila wanakijiji wanapokukimbilia na mapanga wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Kibanda kizima kililipuka kwa furaha. Jamaa mmoja alisimama juu ya benchi akiyarudia maneno yao, sisi tunacheka mpaka machozi. Lugha yetu! Kwenye gemu ya Wajapani! Tukaendelea kupokezana pedi, kila mmoja na zamu yake ya kuwapiga risasi.

Hakuna aliyeuliza kitu. Hata mimi sikuuliza.

Kabla gemu ile haijatoka, huko nje wapo waliolalamikia picha zake za Mzungu akiwamiminia risasi wanakijiji Waafrika. Sisi malalamiko hayo hayakutufikia, na yangetufikia sijui kama tungeyajali. Jambo linaloniuma leo ni jingine, ni dogo zaidi. Chris alizungumza Kiingereza. Sheva, ambaye ni Mwafrika, alizungumza Kiingereza. Waliozungumza kama mama yangu ni wale waliopaswa kufa ili mlango unaofuata ufunguke.

Wala maneno yao hayakuwa na kazi ya kueleweka. Yalikuwa kelele za kutisha tu, na mchezaji wa Tokyo au Chicago hakukosa lolote kwa kutoyaelewa. Sisi tulioyaelewa tulikuwa watu wa pembeni tuliosikia kwa bahati.

Haki isemwe: kuna gemu kubwa iliyokipa Kiswahili heshima. Civilization IV ya mwaka 2005 inafunguliwa na "Baba Yetu", wimbo wa Christopher Tin ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Mimi ni Mwislamu, na bado wimbo ule unanisisimua. Lakini ni wimbo wa kufungulia. Ukishamalizika unajenga miji na kupigana vita, Kiswahili kimebaki mlangoni.

Kwa hiyo tulishapigwa risasi na tulishaimbwa. Kilichokuwa bado ni mtu kuzungumza.

Kijana aliyekwenda kudai

Gemu iliyomwamsha mama ni Tales of Kenzera: Zau. Ilitoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye wachezaji wengi wameisikia sauti yake bila kulijua jina lake: ndiye Bayek, shujaa wa gemu ya Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Alifiwa na baba yake, akakaa na msiba ule miaka kadhaa, kisha akaanzisha studio yake, Surgent, na msiba ukawa gemu. Desemba 2023 alisimama jukwaani kwenye The Game Awards, hafla ya tuzo za gemu, kuitangaza, na badala ya kusifia michoro na mapambano akamzungumzia baba yake.

Hadithi ina tabaka mbili. Kuna Zuberi, kijana wa mji wa wakati ujao, aliyefiwa na baba na kuachiwa kitabu ambacho baba huyo alikiandika. Anakifungua, na ndani yake yumo Zau, mganga kijana, naye amefiwa na baba. Zau hakubali. Anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa sharti: nitakuletea pepo watatu wakubwa wanaokataa kuvuka kwenda kwa wafu, nawe nirudishie baba yangu.

Mtu anayekwenda kumdai mauti!

Kucheza kwenyewe ni kwa kutazama ubavuni, unakimbia, unaruka, unapigana. Zau ana vinyago viwili alivyorithi kwa baba yake, cha jua na cha mwezi. Cha jua ni cha moto na kupigana karibu. Cha mwezi ni cha baridi na kulenga mbali. Unabadilisha kimoja kwenda kingine katikati ya pambano, na mikono ikishazoea ni kama kucheza ngoma.

Sitaisifia kupita kiasi. Maadui wanajirudia. Zipo sehemu ambazo ukikosea hatua moja unakufa papohapo na kurudi nyuma, na usiku mmoja nilikaribia kuitupa laptopu. Wiki ya kwanza nilijiuliza kila siku: hivi naipenda gemu, au naipenda kwa sababu inanisemesha kwa lugha yangu? Mgeni akikuamkia kwa kilugha chako ugenini, unamfungulia mlango kabla hujamtazama usoni.

Nikafanya jaribio. Nikarudisha sauti kwenye Kiingereza, nikacheza jioni mbili.

Ilibaki gemu nzuri. Kiingereza chenyewe kiliigizwa vizuri pia. Ila nikajikuta nafanya nilichokifanya maisha yangu yote: natazama kwa jicho la mchezaji, nasubiri mazungumzo yaishe nikapigane. Kiingereza cha gemu nilikijua kabla ya Kiingereza cha darasani, na kwangu kimekuwa lugha ya maagizo, nenda kule, chukua hiki, ua yule. Niliporudisha Kiswahili niliacha kubonyeza kitufe cha kuruka mazungumzo.

Ulogi

Hapa nina jambo ambalo mchezaji wa nje halimgusi, nalo lilinisumbua kuliko mapambano yote.

Ndani ya gemu, nguvu unayoikusanya ili kumwongezea Zau ujuzi inaitwa Ulogi.

Kwa mtu wa Tanga neno hilo lina uzito. Kuloga si kazi ya shujaa. Ni la jirani anayetuhumiwa, la mtoto anayeugua bila sababu, la familia mbili zisizozikana. Kwetu halitamkwi ovyo baada ya magharibi. Na hapa nalikusanya kwa furaha, linang'aa kwenye kioo, mlango wa pili mama yuko kwenye eda anasoma Yasini.

Halafu Kalunga. Nyumba yetu ina Mungu mmoja, na mauti yana malaika wake anayejulikana. Kuna usiku niliifunga gemu kwa sababu nilijisikia vibaya tu, kama niliyekula mchana wa Ramadhani kwa kusahau kisha nikakumbuka.

Nilichokuja kukiona baadaye ni kwamba gemu hii haidai kuwa ya kijiji changu. Pepo wake wametoka mbalimbali: Impundulu, ndege wa radi, ni wa masimulizi ya Wazulu na Waxhosa huko kusini; Kikiyaon ni wa Afrika Magharibi; GaGorib ni wa Wakhoikhoi. Wagiriama, majirani zetu wa kaskazini, wanamwita Mungu Mulungu, na sikio langu halikuacha kulisikia jina hilo likipita karibu na Kalunga. Salim amesema babu yake alikuwa mganga wa tiba za asili. Huyu ni mjukuu aliyezaliwa mbali, anaokota alichokisikia kwa baba yake na kukiunganisha na alichokisoma. Kuna mahali uzi unaonekana. Uzi ule ndio ulionifanya nimwamini, kwa sababu hata mimi niliyekulia hapahapa hadithi za babu zangu ninazo vipandevipande.

Kwenye Ulogi sijapata amani, na sitajifanya nimeipata.

Daftari

Baba yangu alikuwa fundi redio. Mara mbili aliwahi kunitoa kibandani kwa kunishika sikio, mbele ya watu.

Hakuniachia kitabu cha hadithi kama baba yake Zuberi. Aliniachia sanduku la bisibisi na daftari la wateja, lile la jalada gumu, limejaa mwandiko wake wa kulala upande. Jina, aina ya redio, ugonjwa wake, bei, na mwishoni neno moja: *tayari* au *bado*. "Spika inakoroma. 3,000. Bado." Nilikaa nalo siku tatu baada ya arobaini, nikisoma magonjwa ya redio za watu.

Kwenye safari ya Zau kuna mibuyu. Ukiukuta mbuyu wa namna hiyo, Zau anaketi chini yake. Huna cha kupigana nacho. Kalunga anakuja, kwa umbo la mzee, wanazungumza: kuhusu hasira, kuhusu hofu, kuhusu mambo ambayo Zau hakuyasema baba yake alipokuwa hai. Wakimaliza, uhai wa Zau unaongezeka. Kila gemu niliyowahi kucheza, uhai unaongezwa kwa dawa au kwa silaha. Hii inakuongezea uhai kwa kukaa chini na kuzungumza.

Mbuyu wa kwanza niliupita haraka, kwa mazoea. Wa pili niliusikiliza mpaka mwisho, na neno *baba* likanishika.

Mama ananiita "baba" tangu nizaliwe. Ndivyo mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Ni neno la mapenzi, mtu hulitazami mara mbili. Nyumbani kwetu akiita "baba", tulikuwa wawili tunaoweza kuitika, na tulijua kwa sauti tu ni nani anayeitwa. Sasa nimebaki mimi. Kila akiniita, kwa nukta moja namsubiri mwingine aitike.

Hakuna Kiingereza cha jambo hilo. Nililisikia kwa sababu lilisemwa kwa Kiswahili, na kijana wa kubuni mwenye vinyago viwili.

Nilikaa chini ya mbuyu ule mpaka chaji ikakaribia kuisha.

Anayefungwa analipa

Wiki ya nne nilikwenda Ngamiani. Kibanda kipo bado, mwenyewe mwingine, televisheni sasa ni bapa na kubwa. Vijana sita, mechi inaendelea. Gemu hiyo ya mpira wote wanaiita FIFA, ingawa jina lilibadilika tangu 2023.

Niliwauliza kama wanaijua gemu inayozungumza Kiswahili. Hakuna. Nikawasimulia. Walinisikiliza kwa adabu, macho kwenye kioo. Mmoja akauliza: "Inachezwa na watu wawili, kaka?"

Nikasema hapana, ni ya mtu mmoja.

"Basi hapa haifai. Hapa anayefungwa analipa."

Nilikuwa nimekwenda na hotuba tumboni, kuhusu sisi kudharau vya kwetu. Kijana yule aliimaliza kwa sentensi moja. Nikakumbuka kwamba hata mimi, miaka yote ya kibanda, sikuwahi kumaliza gemu yoyote yenye hadithi. Ukicheza leo na kuhifadhi ulipofika, kesho unakuta mwingine kahifadhi juu yake. Hadithi ya muda wa saa nane haiishi mahali panapouzwa dakika. Mpira unaishi, kwa sababu mechi inaanza na kuisha, na kuna wa kulipa.

Na gemu ile ya mpira na hii ya Zau zimetolewa na kampuni moja, Electronic Arts. Moja imo kwenye kila kibanda kutoka Tanga hadi Bukavu. Nyingine, yenye lugha yetu mdomoni, iliuzwa dola 20 ilipotoka, chini ya theluthi moja ya bei ya gemu kubwa za siku hizi, na ikapita kimya.

Si ya kwanza kupitwa. Beyond Good & Evil ya mwaka 2003 ilimpa mchezaji kamera na mwandishi wa habari anayefichua uongo wa jeshi, ikamezwa na gemu nyingine za msimu uleule. Okami ya mwaka 2006 ilichorwa kama kwa brashi ya wino, ikasifiwa kote, haikununuliwa, na mwaka uliofuata studio yake ikafungwa. Zote mbili watu walizirudia baadaye na zikatolewa upya. Naziheshimu sana. Lakini zile zilikuwa na wa kuzirudia: watu waliozicheza wakiwa watoto, kwenye vyumba vyao, wakakua nazo. Hii ya Zau nani atairudia, kama sisi tunaoielewa hatukuicheza hata mara moja?

Haikupita miezi minne tangu itoke, Surgent wakapunguza wafanyakazi. Kabla mwaka haujaisha wakatangaza kwamba kazi ya gemu inasimama wakitafuta fedha. Salim na wenzake walikuwa tayari wameshatukanwa mtandaoni kwa rangi yao, na alijitokeza hadharani kulizungumzia. Mwaka 2025 studio ilirudi na gemu nyingine, ya kutisha, Dead Take. Nimefurahi kwamba wapo. Ila Kenzera ilihitaji watu Aprili 2024, na mimi Aprili 2024 nilikuwa nasubiri bando la usiku nishushe gemu ya vita ya zaidi ya GB 100. Niliicheza siku tisa, nikaifuta kupata nafasi. Leo sikumbuki jina la hata askari mmoja.

Sitasema Zau inaishaje. Nenda mwenyewe, na usianze kabla hujabadilisha sauti kwenye mipangilio.

Baada ya eda

Eda ya mama ilikwisha Alhamisi. Akaoga, akavaa kanga mpya aliyoletewa na shangazi, akatoka kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne na siku kumi. Alikwenda nyumba ya tatu tu, akarudi kabla ya adhuhuri akasema jua lilikuwa kali.

Usiku, baada ya isha, alikuja na mkeka wake sebuleni. Mimi nilikuwa na daftari, naandika namba za wateja waliokuwa bado hawajachukua redio zao.

"Yule kijana wako yuko wapi?"

"Kijana gani, mama?"

"Aliyekuwa akimlilia babake."

Nikaleta laptopu, nikaiweka juu ya stuli, nikaanza upya kabisa ili aelewe. Zuberi na kitabu. Zau. Kalunga akatokea. Mama alikuwa ameegemea ukuta, tasbihi mkononi imesimama.

"Huyo anayezungumza naye ni nani?"

"Ni mauti, mama."

"Mauti hayazungumzwi nayo."

"Najua. Nizime?"

Hakujibu. Nikasubiri, kidole juu ya kitufe. Nje pikipiki ikapita, ikayameza maneno ya yule kijana.

"Ongeza sauti, baba," akasema. "Sijasikia alichomjibu."